Bando linaisha kabla ya mwezi: namna ya kupima, kubana na kuhama mtandao wa intaneti ukiwa Dodoma

Ukihamia Dodoma leo, maji utaunganishwa na DUWASA na umeme utaunganishwa na TANESCO. Hapo hakuna cha kuchagua. Intaneti ndiyo unayochagua mwenyewe, na ndipo hela za watu wengi zinapopotelea. Bando la mwezi linaisha tarehe 18, mtu anakasirika, ananunua ruta ya mtandao mwingine. Mwezi unaofuata linaisha tarehe 20. Anahama tena. Ingia nyumba nyingi za Nzuguni, Kisasa au Ilazo, juu ya kabati la televisheni utakuta ruta mbili tatu zimezimwa, kila moja ililipiwa kwa jasho la mtu, na malalamiko ni yale yale.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Msimamo wangu ni kwamba usihame mpaka ujue kinachokuumiza. Yako matatizo yanayoisha ukihama, na yako mengine ambayo utahama nayo mpaka mtandao mpya. Na mji wetu umekua haraka kuliko nyaya zake: tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, viwanja vimepimwa na nyumba zimesimama Iyumbu, Nala na Ihumwa kabla nguzo za faiba hazijafika. Kwa hiyo ushauri wa ndugu yako aliyeko Dar es Salaam, au hata wa mfanyakazi mwenzako anayekaa Area D, huenda usikufae hata kidogo.

Hatua ya kwanza: jua una tatizo gani

Mtu akisema "mtandao ni mbovu" anaweza kuwa anazungumzia mambo manne tofauti. Huenda GB zake zinaisha kweli. Huenda yuko kwenye kifurushi cha "bila kikomo" lakini amevuka kiwango fulani na kampuni imembania spidi. Huenda mnara wa mtaani kwake unazidiwa na watu kila jioni. Au mawimbi hayamfikii vizuri chumbani. Yote manne yanaonekana vilevile kwenye simu: kile kiduara kinachozunguka video isipofunguka. Dawa zake ni tofauti kabisa.

Namna ya kuyatenganisha ni kupima spidi kwa utaratibu. Fungua fast.com au speedtest.net, ukae karibu na ruta, kwenye chumba kile kile kila siku. Pima mara tatu kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku. Fanya hivyo wiki nzima, kisha pima tena siku chache mwishoni mwa mwezi. Andika tarehe, saa na namba kwenye daftari au kwenye simu. Kumbuka kwamba kupima nako kunakula bando: kwenye laini ya 40 Mbps (yaani megabiti 40 kwa sekunde, kipimo cha spidi), kupakua kwa sekunde 15 tu ni kama MB 75. Ukiwa na bando dogo, pima mara moja kila muda uliopanga, usirudierudie kwa hasira.

Sasa soma daftari lako.

Kama alfajiri spidi ni safi na jioni inaanguka, kila siku, bila kujali tarehe, huo ni msongamano. Watu wamerudi kutoka makazini, kila nyumba imewasha televisheni, na mnara ni ule ule mmoja. Hapa kuhama kunaweza kusaidia, mradi mtandao unaouendea una nafasi mtaani kwako.

Kama mwanzo wa mwezi spidi ilikuwa nzuri, halafu kuanzia siku fulani ikaganda kwenye namba moja, tuseme 2 Mbps, saa zote mpaka alfajiri watu wamelala, umebanwa. Kuganda huko ndiko kunakoonyesha. Msongamano hupanda na kushuka. Mbano hubaki pale pale, halafu siku ya kulipia upya spidi inarudi kama hakuna kilichotokea. Tatizo hili lipo kwenye masharti ya kifurushi, na lazima usome masharti ya huyo unayetaka kumhamia kabla hujatoa hata shilingi.

Kama ukiwa na ruta kibarazani inakwenda vizuri na sebuleni ni mbovu saa zote, tatizo ni mawimbi. Kuta za tofali za saruji, nondo za renta na mabati vinakula mawimbi. Vilima navyo vina sehemu yake: nyumba iliyojificha nyuma ya Mlimwa au Itega inaweza kukosa mnara ambao jirani wa upande wa pili anauona vizuri. Kabla ya kumlaumu mtu, hamishia ruta dirishani, iinue juu, ikae usiku mmoja hapo. Watu wengi wameishia hapo na hawakuhitaji kuhama.

Na kuna siku ambazo hakuna wa kulaumiwa mtaani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo usisaini mkataba mpya. Uliza kwanza watu wa mitandao mingine. Mkiwa mnalia wote, subiri.

Hatua ya pili: tafuta GB zinakokwenda

Hapa ndipo penye hela, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na ruta yenyewe. Geuza chini yake, utakuta karatasi yenye anwani, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na waifai yako. Ndani utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa na, kwenye ruta nyingi za laini, jumla ya GB zilizotumika mwezi huo. Hesabu vifaa. Nyumba ya watu watano ikiwa na vifaa kumi na sita, wapo wageni usiowajua: kijana wa chumba cha nyuma alimpa rafiki yake, rafiki akampa fundi wa pikipiki anayepaki nje ya geti. Badilisha nenosiri la waifai siku hiyo hiyo, na lile la kuingilia kwenye ruta pia, maana wengi wanaacha la kiwandani.

Baada ya hapo piga hesabu. Video ndiyo inayokula kuliko vyote. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya ubora wa HD inaweza kufika GB 3, ya ubora wa kawaida GB 1, na ya 4K GB 7. Televisheni ikiwashwa saa tatu kila jioni kwa HD, mwezi mzima ni GB 270. Familia ile ile, filamu zile zile, kwa ubora wa kawaida, ni GB 90. Kwenye televisheni ya inchi 32 watoto hata hawataona tofauti. Mikutano ya video kwa kundi inaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa kamera zikiwa wazi, na watumishi wanaofanya vikao vya mbali wanalijua hilo. Sauti peke yake ni kidogo sana. Zima kamera pale isipohitajika.

Kamera za ulinzi watu huzisahau kabisa. Kamera moja inayopeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni saa 24 kwa 1 Mbps tu inatumia karibu GB 10.8 kwa siku. Kwa siku 30 ni GB 324. Kamera moja! Nimeona nyumba Njedengwa yenye kamera nne, mwenye nyumba analaumu watoto kwa katuni. Dawa ni kuweka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera au kinasa picha nyumbani, irekodi humo humo, na itume mtandaoni pale tu mtu anapopita au wewe unapofungua kuangalia.

Kompyuta nazo zina tabia yake. Kuna dada mmoja mwenye steshenari karibu na njia ya kwenda UDOM, ana kompyuta nne za kuchapa kazi za wanafunzi. Bando lake la wiki lilikuwa linaisha siku ya pili. Tulipofungua matumizi ya data kwenye kila kompyuta, ile orodha ya siku 30, aliyekuwa juu kabisa ni Windows yenyewe: kila mashine inapakua masasisho yake peke yake, GB kadhaa kila moja, na nyingine inayagawa kwa kompyuta za watu wasiojulikana huko duniani. Tuliingia kwenye mipangilio ya mtandao tukawasha swichi iliyoandikwa "Metered connection", ambayo inaiambia Windows kwamba bando linapimwa. Kisha kwenye sehemu ya masasisho, kipengele cha "Delivery Optimization", tukachagua kushirikiana na kompyuta za mtandao wa ndani tu. Sasa anayeruhusu masasisho ni yeye, kompyuta moja ikipakua zingine zinachota kwake, na bando la wiki linafika wiki. Alikuwa ameshatenga hela ya ruta mpya. Akanunua rimu za karatasi.

Usiyazime masasisho moja kwa moja, ndiyo yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni. Yapangie siku tu.

Kwenye simu mambo ni mafupi. Zima upakuaji wa picha na video wenyewe kwenye WhatsApp, hasa kama uko kwenye magrupu ya harusi na ya ukoo. Washa Kiokoa Data kwenye simu ya Android. Angalia nakala rudufu ya picha: simu tatu zikipandisha video za send-off usiku mmoja, asubuhi mtaulizana nani kamaliza bando. Kwenye YouTube weka ubora wa video usizidi 480p kwa simu; kioo cha simu hakihitaji zaidi.

Maliza hatua hii kwa namba moja: nyumba yako inahitaji GB ngapi kwa mwezi baada ya kubana? Bila namba hiyo, muuzaji yeyote atakuuzia anachotaka yeye.

Hatua ya tatu: soma kikomo, hata kile kilichofichwa

Vifurushi viko vya aina mbili. Kuna vya GB, ambapo zikiisha zimeisha. Na kuna vya spidi, ambapo unalipia 10 au 20 Mbps na unaambiwa hakuna kikomo. Faiba nyingi huuzwa kwa spidi. Ruta za laini za 4G na 5G zinauzwa kwa namna zote mbili, na kwenye hizi neno "bila kikomo" linahitaji kuulizwa maswali, kwa sababu mara nyingi limefuatana na sera ya matumizi ya staha: ukivuka kiasi fulani, spidi inashushwa mpaka mwezi uishe.

Sera hiyo si wizi. Mnara ni wa wote, na mtu mmoja anayepakua usiku na mchana anawaumiza wengine. Wizi ni kuificha. Kwa hiyo dukani uliza haya, na uombe majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp wa namba rasmi ya kampuni: kiwango cha kubaniwa ni GB ngapi? Nikibanwa nabaki na spidi gani? Kinahesabiwa kwa siku au kwa mwezi? Kinaanza upya tarehe moja ya mwezi au siku niliyolipia? Naweza kununua nyongeza katikati? Mhudumu akikujibu "we tumia tu, haina shida", mwombe akuitie anayejua.

Kitu kingine kinachochanganya ni herufi. Spidi inapimwa kwa biti, faili linapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya 10 Mbps inapakua takriban MB 1.25 kwa sekunde, si MB 10. Kwa saa ni GB 4.5. Ukibanwa mpaka 2 Mbps bado WhatsApp, barua pepe na video ya ubora wa chini vitapita kwa mtu mmoja. Kwa familia nzima jioni, hapana.

Kwa wanaotumia bando za kawaida za laini, kuna haki ambazo wengi hawazitumii. Taratibu za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, mwaka 2021 zinataka upewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100, uweze kumhamishia mtu wa mtandao huo huo sehemu ya bando lako, na uweze kuendelea na salio ukinunua kifurushi kile kile kabla muda haujaisha. Hiyo ya mwisho inaokoa hela nyingi: GB zimebaki na muda unaisha saa nne usiku, jiunge tena saa tatu, usingoje asubuhi.

Hatua ya nne: chagua kwa kujaribu nyumbani kwako

Kama faiba imefika mtaani, na unakaa hapo zaidi ya mwaka, ichukue. Nasema hivyo bila kusita. Msongamano wa mnara hauihusu, na familia kubwa inapata nafuu kwa bei ya kila GB. TTCL wana huduma ya Faiba Mlangoni Kwako, na kampuni nyingine zina za kwao kwa maeneo wanayofika. Kujua kama imefika usitegemee tangazo la barabarani. Tembea mtaani uangalie nguzo, ulizia nyumba ya jirani, kisha uwape kampuni mahali ulipo kwenye ramani na uombe fundi aje kukagua. Jibu la "Kisasa tupo" halikusaidii kama nyumba yako iko mtaa wa tatu kutoka nguzo ya mwisho.

Kama ni ruta ya laini, usianze kwa kununua ruta. Anza na laini. Sajili laini za mitandao miwili au mitatu, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, TTCL, yoyote unayodhani inafaa, weka bando dogo la siku kila moja, halafu jaribu kwa simu yako ya 4G pale pale ruta itakapokaa, saa zile tatu za kupimia. Kusajili kunahitaji namba ya NIDA na alama ya kidole, kwa hiyo nenda mwenyewe. Gharama ya jaribio hili ni ndogo kulinganisha na bei ya ruta utakayoijutia.

Ukishaweka laini kwenye ruta, ukurasa wake wa ndani unaonyesha nguvu ya mawimbi. Namba iitwayo RSRP ikiwa kwenye -80 hivi ni nzuri sana, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 tegemea matatizo. SINR, inayopima usafi wa mawimbi, ikiwa juu ya 13 ni safi. Ikiwa chini ya sifuri kuna mwingiliano mkubwa. Zungusha ruta dirisha hadi dirisha ukiangalia namba hizi, ni bora kuliko kuhesabu vile vistari. Walio nje ya mji, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa, ndio wanaohitaji zoezi hili kuliko wote, maana huko mnara unaweza kuwa mmoja kwa vijiji kadhaa, na antena ya nje juu ya paa inaweza kuwa na faida kuliko kubadili kampuni.

Kabla hujalipia ruta uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Iliyofunguliwa ni ghali kidogo lakini siku ukihama unabadilisha laini tu.

Hatua ya tano: kuhama kwenyewe

Kanuni ya kwanza: ya zamani usiikate mpaka mpya imepita angalau wikiendi moja na jioni kadhaa bila kusumbua. Panga huduma mpya ianze kama wiki moja kabla kifurushi cha zamani hakijaisha. Utalipa mara mbili kwa siku chache, ni kweli, na hizo ndizo hela bora utakazotumia kwenye zoezi lote.

Soma mkataba wa zamani kabla hujamwambia mtu. Tafuta vitu vitatu: muda wa chini uliojifunga, siku za taarifa unazotakiwa kutoa, na ruta ni ya nani. Kwenye faiba, kile kisanduku kidogo ambacho uzi unaingia mara nyingi ni cha kampuni na hakifanyi kazi kwa kampuni nyingine. Waifai unaweza kuwa na ruta yako mwenyewe ukaichomeka nyuma ya kisanduku hicho. Nawashauri watu wafanye hivyo, hasa wenye ofisi: kampuni ikibadilika, waifai yako haibadiliki.

Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya baba au mama mwenye nyumba kabla fundi hajaja na drili. Mwonyeshe tundu litakapotobolewa na uzi utakapopita. Akikataa kutoboa, mara nyingi atakubali upitishwe palipopita waya wa king'amuzi.

Siku fundi akija, kaa naye. Chagua kisanduku kikae katikati ya nyumba, si kwenye kona ya sebule kwa sababu tu ndipo uzi umefika. Kuongeza mita kumi za waya ni rahisi leo, kesho utaitwa ulipie. Kiweke juu, mbali na vumbi la mlangoni, maana vumbi la Dodoma la kiangazi linaziba matundu ya hewa na ruta inapata joto mpaka inajizima. Weka na betri ndogo ya ruta, ya volti 12 kama kisanduku chako ni cha volti hizo, ili umeme ukikatika intaneti ibaki. Usisaini fomu ya kukamilika kwa kazi mpaka upime kwa kompyuta iliyochomekwa waya. Malipo fanya kwa namba rasmi ya kampuni na udai risiti. Fundi unaweza kumpa soda, ada ya kufungiwa usimpe mkononi.

Kuna mbinu moja itakayokuokoa nusu siku: ruta mpya ipe jina lile lile la waifai na nenosiri lile lile la ruta ya zamani. Simu, televisheni, printa na kamera vyote vitaungana vyenyewe bila wewe kugusa kimoja kimoja. Ila fanya hivyo siku unayoizima ya zamani, la sivyo zikiwa hewani zote mbili vifaa vitakuwa vinarukia huku na kule na utadhani mtandao mpya ni mbovu. Wakati wa majaribio zipe majina tofauti.

Angalia pia vitu vilivyofungamana na mtandao wa zamani. Kinasa picha cha kamera kilichokuwa kinafunguliwa kwa anwani ya kudumu ya mtandao hakitafunguka kwenye laini nyingi za 4G, kwa sababu huko wateja wengi wanashirikiana anwani moja. Tumia programu ya kampuni ya kamera, au omba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma mpya. Ofisi zenye mashine za mahudhurio au mfumo wa mauzo zimwambie aliyeufunga kabla ya siku ya kuhama. Na kama barua pepe yako ya kazi ilitolewa na kampuni ya intaneti, anza kuhamia nyingine mapema, maana itakufa na mkataba.

Namba ya simu ni habari nyingine. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Unaenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, unajaza maombi, kisha kutoka kwenye laini yako ya zamani unatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo toa hela yote kwenye akaunti ya pesa mtandao na lipa madeni, pamoja na ile mikopo ya simu. Salio na bando havihami nawe. Ukishahama, huwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite, kwa hiyo jaribu mtandao mpya kwa laini nyingine kwanza. Namba za siri za muda za benki na kodi huja kwenye namba hiyo hiyo, kwa hiyo usifanye zoezi hili siku una malipo ya haraka.

Mwisho ni kufunga ya zamani rasmi. Andika barua au barua pepe yenye tarehe, namba ya mteja na siku unayotaka huduma isitishwe. Ukirudisha vifaa, piga picha namba ya mfululizo iliyo chini ya ruta, na uondoke na karatasi iliyosainiwa kwamba wamepokea. Namfahamu mtu aliyeacha tu kulipa akidhani yameisha. Miezi baadaye alidaiwa ruta ambayo alikuwa ameshairudisha bila karatasi yoyote.

Ukikwama

Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe na uchukue namba ya lalamiko. Bila namba hiyo huna ushahidi kwamba uliwahi kulalamika. Wasipokusaidia, peleka suala TCRA, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Usiporidhika na uamuzi wa Mamlaka, rufaa ipo Baraza la Ushindani. Beba daftari lako la vipimo, risiti, mkataba na zile meseji ulizoomba majibu kwa maandishi. Mtu aliyekuja na tarehe na namba husikilizwa tofauti na aliyekuja kusema mtandao unasumbua.

Na kwa kuwa umesajili laini kadhaa za majaribio, piga *106# uone zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini ambayo hutaitumia tena, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika wakaifute kwenye jina lako.